Shajara ya mradi: mbao za kubandikia darasani zisizokula muda wangu

Likizo, siku chache kabla ya kufungua

Haya, nimeona huu mradi niuandike hatua kwa hatua, kwanza nisisahau nilichofanya, pili walimu wenzangu mnaohangaika na jambo hili mchukue kinachowafaa, kingine mniachie. Darasa langu ni la pili, watoto 28 wa miaka saba nane hivi, chumba kina mbao tatu za kubandikia: kubwa iko ukuta wa nyuma, ya wastani iko pembeni karibu na mlango, alafu kuna ka-ubao kembamba kando ya ubao wa kuandikia. Ninachotaka ni kimoja, hizo mbao zifanye kazi mwaka mzima bila mimi kubaki darasani jioni nakatakata maua ya manila.

Maana tuseme ukweli, mapambo mengi ya darasani tunamfanyia mgeni. Anakuja mkaguzi, anakuja mzazi, anapita mwalimu mkuu anasema "darasa linapendeza", basi yameisha. Mtoto anayekaa humo kutwa ukimuuliza pale ukutani kuna nini anageuka kwanza aangalie.

Kanuni nilizojiwekea ni chache. Rangi ya nyuma ya ubao naiweka mara moja kwa mwaka, sigusi tena. Hakuna kitu cha mwezi wala cha msimu, ukishabandika "Karibu mwezi wa tatu" ujue umejisainia kazi ya kubandua mwezi wa nne. Chochote kinachobadilika kinabadilishwa na mtoto, tena ndani ya kipindi. Na kitu kikinichukua muda mrefu kukitengeneza kuliko muda ambao watoto watakitumia, hakipandi ukutani hata kiwe kizuri vipi.

Leo nimebandua ubao wa nyuma, aisee. Chini ya karatasi ya bluu kulikuwa na ya njano, chini ya njano kuna ya kijani, na kote huko pini za stepla zimeota kutu zinakuna vidole, yaani kila aliyepita humu alibandika juu ya mwenzake akaendelea na maisha. Kilichonishika ni ile bluu. Ubao mzima umepauka hadi umekuwa kijivu, isipokuwa mstatili mmoja pale ilipokuwa chati ya herufi, hapo bluu iko vilevile imekolea, hadi matundu manne ya pini kwenye kona unayaona. Ni jua hilo, dirisha liko mkabala. Mionzi ya urujuanimno inavunja kemikali za rangi taratibu, na kioo cha kawaida kinazuia sehemu tu ya hiyo mionzi, ile ya mawimbi marefu inapita bila shida. Karatasi nyeupe za daraja la chini nazo zinageuka njano kwa sababu ya lignini iliyobaki kutoka kwenye mti, ikipigwa na mwanga na hewa inabadilika rangi. Kwa hiyo karatasi ya rangi kali ukiiweka mbele ya dirisha, hata usipoigusa wewe, jua litakulazimisha uibadilishe.

Uamuzi wangu ni kitambaa cha pamba, rangi moja iliyofifia, kile cha mashuka. Kikipauka kidogo hakuna atakayejua maana kilikuwa kimefifia tangu mwanzo, hakichaniki kwenye kona, na tundu la pini ukilisugua kwa kidole nyuzi zinarudi zinajifunga. Kizuri zaidi, kazi ya mtoto ndo inaonekana. Ukiweka nyuma maua na nyota na mistari, mchoro wa penseli wa mtoto unapotea kabisa humo.

Angalizo la moto, na hili sio la utani: kitambaa na karatasi vyote vinawaka. Kivute kitambaa kikaze bapa kwenye ubao, kisining'inie, na kaa mbali na soketi, swichi na mlango wa kutokea. Huko Marekani kanuni ya usalama ya NFPA 101, ya chama chao cha kinga dhidi ya moto, inataka karatasi na kazi za sanaa zisizidi asilimia 20 ya ukuta kwenye jengo lisilo na vinyunyizio vya kuzimia moto, na asilimia 50 kama vipo. Shule yako uliza wanasemaje, lakini hata kama hakuna anayesema kitu, asilimia 20 ni kipimo kizuri cha kujizuia.

Bado likizo, leo ni futi kamba na hesabu

Nimepima ubao wa nyuma, sentimita 240 kwa 120. Wazo ni kila mtoto awe na nafasi yake moja ya kudumu, jina limeandikwa chini, na humo anaweka kazi anayoipenda. Swali likawa je, watoto 28 wanaenea?

Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Ukiilaza ikawa pana, ukaipa hewa kidogo pembeni, kila nafasi inahitaji sentimita 33 kwa 25. Saba kwa upana ni 231, nne kwenda chini ni 100. Saba mara nne ni 28. Nilicheka mwenyewe! Na juu zinabaki sentimita 20 za kichwa cha habari.

Najua kuna wenzangu wenye watoto 60 mnasoma hapa mnaguna. Tumieni A5, ni A4 iliyokatwa katikati tu. Kila nafasi ikiwa sentimita 23 kwa 17, ubao huuhuu unabeba kumi kwa upana na sita kwenda chini, watoto wote 60 wako ukutani na ubao haujajaa hadi ukingoni. Mchoro mdogo haujamdhuru mtu.

Nafasi zenyewe ni ile mifuko ya plastiki angavu ya kuwekea karatasi kwenye faili. Hapa ndo penye ujanja wote wa mradi, kwa hiyo nivumilieni nielezee kidogo. Mfuko ule kwa kawaida unafunguka juu. Ukiulaza, mdomo unakuwa pembeni. Sasa mtoto wa miaka saba ana urefu wa kama sentimita 120, akinyoosha mkono anafika 145, 150 hivi. Ubao wangu unaanzia sentimita 60 kutoka sakafuni, maana yake ile mistari minne ya mifuko inaishia kwenye 160. Mfuko wa juu ungekuwa unafunguka juu, nusu ya darasa wangekuwa wananiita "Mwalimu nisaidie", na hapo kazi imerudi kwangu. Ukifunguka pembeni mtoto anaingiza karatasi kuanzia kona ya chini, anaisukuma tu. Warefu nimewapa mstari wa juu, wafupi wa chini, mengine hayana mjadala.

Na kazi mpya inawekwa mbele ya ile ya zamani, ya zamani haitoki. Ukifika mwisho wa muhula kila mfuko una kazi zote kwa mpangilio, ya kwanza iko nyuma kabisa. Uzito sio tatizo, A4 moja ya gramu 80 kwa mita mraba ni gramu 5, karatasi kumi na mbili ni gramu 60, pini nne zinabeba bila kulalamika. Pini zipigwe kwa kuinamisha, kichwa kikiangalia juu kidogo, ili uzito uivutie ndani badala ya kuing'oa.

Mwalimu wa darasa la jirani alipita akachungulia, akauangalia ule ubao na mifuko yake mitupu. "Mwalimu, mbona pako kama hospitali?" Nikamwambia, "Mwalimu, subiri watoto waje."

Shule imefunguliwa

Watoto wamekuja. Cha kwanza kila mmoja ametafuta jina lake ukutani, na waliokuwa mstari wa chini wakapiga magoti kulisoma kabisa. Hiyo tu ilinipa moyo.

Utaratibu ni huu: Ijumaa kipindi cha mwisho, kila mtoto anapitia kazi zake za wiki anachagua moja. Kuchagua ndo somo lenyewe, mimi nauliza tu "kwa nini hii?" na jibu linaandikwa sentensi moja nyuma ya karatasi. Mwanzoni majibu yote yalikuwa "kwa sababu ni nzuri". Sasa hivi yameanza kunoga, kuna binti ameweka hesabu za kutoa zilizojaa marekebisho, nikamuuliza mbona umeacha ile uliyopata zote, akasema hii nilikuwa siijui alafu nikaijua. Nilimtazama akiweka: alisimama mbele ya mfuko na karatasi mbili mkononi, akaingiza moja, akarudi nyuma hatua mbili akaitazama, akaitoa, akaweka nyingine, akapangusa plastiki kwa mkono wa sweta. Mimi nilikuwa nimekaa nasahihisha madaftari, sijainuka.

Kuhusu ukuta wa mbele

Nimeulizwa na wenzangu kwanini mbele nimeacha patupu karibu pote. Sio uvivu, ingawa na uvivu umo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, uliochapishwa 2014, kina Anna Fisher na wenzake waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo ya sayansi, mengine kwenye chumba kilichojaa mapambo, mengine kwenye chumba kitupu. Kwenye chumba kitupu watoto walipata majibu sahihi asilimia 55, kwenye kile cha mapambo asilimia 42. Muda wa kuzubaa nao ulikuwa asilimia 28.4 kule kitupu na 38.6 kule kwenye mapambo. Watoto 24 ni wachache, na ni wadogo kuliko wa kwangu, siwezi kuapa juu ya hizo namba kwa darasa la pili. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufundisha huku mtoto anahesabu vipepeo vya karatasi nyuma ya kichwa chake anajua kinachosemwa pale.

Wale wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, wakiongozwa na Peter Barrett, walipima madarasa 153 katika shule 27, wakatoa ripoti 2015. Walisema hali ya chumba chenyewe, mwanga, hewa, joto, rangi, mpangilio na kadhalika, inachangia asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Kuhusu kuta, ushauri wao ni wa kati na kati: usiache kuta zikawa uchi, na usizijaze. Asilimia 20 hadi 50 ya ukuta ibaki wazi. Hicho ni kipimo cha kujifunza tu, kile cha moto nilichotaja juu ni kikali zaidi. Mimi nimeamua hiyo sehemu ya kubaki wazi iwe kule wanakotazama wakati nafundisha, na vitu viende pembeni na nyuma.

Ubao wa mlangoni: ukuta wa maneno

Huu umenichosha kichwa kuliko yote, acha nieleze vizuri.

Ukuta wa maneno unaujua, herufi zimepangwa, chini ya kila herufi kadi za maneno ambayo watoto wanayakosea kuandika au ndo wameyapata. Uzuri wake ni kwamba unakua wenyewe, hakuna siku unapoanza upya. Tatizo ni kwamba mipangilio mingi unayoikuta tayari imetengenezwa kwa lugha za watu. Unapewa kamba ya herufi 26, unapanga, Q tupu, X tupu, C nayo tupu kwa sababu sisi tuna CH. Alafu unaanza kuweka maneno: kusoma, kuandika, kukimbia, kucheza, kitabu, kiti, kalamu. Yote K! M nayo: mtoto, mti, mkono, mlango, mwalimu, mama. Baada ya muda mfupi una nguzo mbili zinagusa sakafu na nyingine zote zina kadi moja moja.

Nilichofanya, vitenzi nimevitoa "ku" kama kamusi zinavyofanya, nikaacha kistari mbele. Kwa hiyo -soma iko S, -andika iko A, -kimbia inabaki K kihalali. Hapo K ikapumua. Majina nimeyaacha yalivyo kwa umoja, na K na M nikazipa upana mara mbili, basi. Q na X sikuweka kabisa, C nikaandika CH. Chini ya N nikaweka vijisehemu viwili, kimoja cha ng kama ngoma na ngazi, kingine cha ng' kama ng'ombe na ng'oa, maana hapo ndo penye vita kwenye imla kila wiki. Sasa mtoto akikwama hata haniulizi, unamwona anainua shingo, anaangalia kile kialama juu, anainama anaandika.

Ukubwa wa maandishi: kipimo cha mkono kinachotumika kwa mabango ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtoto wa mbali kabisa na huu ubao yuko kama mita 7, kwa hiyo herufi ziwe sentimita 6 hivi. A4 ukiikata katikati kwa urefu inakupa kipande cha sentimita 10.5 kwa 29.7, neno la herufi saba linaenea ukibana kidogo. Andika kwa maka peni nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Rangi rangi ni nzuri kwa macho ya mwalimu, ila njano kwenye nyeupe mtoto wa nyuma haoni kitu.

Maneno mapya ni matano kwa wiki, hayazidi, na kadi anaandika mtoto aliyependekeza neno. Mwandiko unapinda, najua. Kama ni tahajia tu ndo narekebisha, mwandiko naacha. Kadi ikishakuwa inajulikana na wote kwenye imla inastaafu, inaingia boksi chini ya ubao, na wakimaliza kazi mapema wanachezea humo, wanapanga sentensi sakafuni. Hiyo ya boksi hawakuambiwa na mtu, walianza wenyewe.

Zamu

Hili fupi. Kamba moja chini ya ubao wa maneno, juu yake kazi za darasa zimeandikwa kwa mpangilio na haziondoki: kufuta ubao, kugawa madaftari, kufunga madirisha na kadhalika. Majina yako kwenye vibanio vya nguo. Jumatatu asubuhi mtoto wa zamu anachukua kibanio cha mwisho analeta mwanzo, wote wanasogea nafasi moja. Hakuna kuprinti, hakuna chati mpya, hakuna "Mwalimu leo zamu ya nani". Kwa walio na ukuta wa simenti mtupu bila ubao hii kamba inawatosha hata kwa kazi za watoto, ila weka msumari katikati pia, kamba ndefu ya misumari miwili inalegea na karatasi zote zinakimbilia katikati.

Na kama unataka ubao na huna, maboksi makubwa ya katoni yanafaa. Yakate, gundisha tabaka mbili, ila mistari ya ndani ya tabaka moja iende juu chini na ya nyingine iende kulia kushoto. Zikiwa zinaelekea upande mmoja ubao unajikunja hewa ikiwa na unyevu. Zikipishana unakaa bapa na pini inashika.

Katikati ya muhula: jaribio la kugeuza chati

Kale ka-ubao kembamba ka mbele kalikuwa na chati ya sheria za darasa, niliikuta humo, imechapwa vizuri, ina picha. Nikajiuliza, hii kuna mtu anaisoma? Jumatatu asubuhi kabla hawajaingia nikaigeuza, upande mweupe ukaangalia darasa. Nikakaa kimya.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Walikuwa wanaingia, wanatoka, wanapiga kelele, wanaambiwa wasipige kelele, hakuna hata mmoja aliyetupa jicho pale. Mwishowe kijana mmoja akaja mezani kwangu akanong'ona kwamba pale kuna karatasi nyeupe kubwa haina kitu, anaomba achore. Sheria hakuzikumbuka kabisa!

Basi nimeitoa. Sheria wanazijua, tunaziimba mwanzo wa wiki, hawazisomi ukutani. Siku hizi hilo jaribio nalifanya kwa kila kitu, nageuza naona nani atauliza. Mstari wa namba wa 0 hadi 100 niliugeuza, kabla hata ya kipindi cha hesabu kuisha walikuwa wamenijia juu. Huo umerudi mahali pake na hautoki. Chati ya sehemu za mwili, hakuna aliyeuliza, imeingia kabatini hadi siku ya somo lake.

Mahali pa ile chati sasa panakaa swali moja tu la wiki. Moja, kwa sababu ni mbele. Maswali wanaandika wenyewe kwenye vikaratasi wanatumbukiza kwenye kopo, Jumatatu linachomolewa moja linabandikwa, na mtu akipata jibu, kwa kuuliza nyumbani, kwa kusoma, kwa kujaribu, anaandika anabandika chini yake. La wiki iliyopita lilikuwa "Kwa nini mwezi unanifuata nikitembea?" Majibu yaliyobandikwa: kwa sababu unakupenda. Kwa sababu ni mkubwa. Kwa sababu uko mbali sana, ukitembea kidogo hausogei. Hilo la tatu ndo lenyewe, mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa tulipo, hatua zako chache hazibadilishi upande unaouona wakati miti na nyumba zilizo karibu zinapita nyuma yako. Ijumaa tukatoka nje tukajaribu na mti wa karibu na kilima cha mbali, tukatembea tukiangalia kipi kinahama. Ka-ubao hako kembamba ndo kametuletea kipindi kizuri kuliko vyote muhula huu, na kazi yangu ilikuwa kuchomoa kikaratasi.

Mvua

Unyevu umeanza, karatasi za ukuta wa maneno zinajikunja kingo. Kadi nilizopitishia selotepu pana mbele na nyuma, ikazidi ukingo kidogo kila upande, ziko sawa. Zile za upande mmoja ndo zinakunja zaidi, kwa sababu upande wa karatasi unavuta unyevu unatanuka na upande wa plastiki hautanuki. Kwa hiyo ama funika pande zote ama usifunike kabisa.

Mifuko ya ubao wa nyuma haina habari. Ila inang'aa asubuhi jua likiingia, waliokaa upande wa dirisha wakigeuka hawaoni kilicho ndani. Nimeiacha hivyohivyo, wakitaka kuona wanasogea.

Kuhusu pini na watoto: za chini kabisa nimezitoa nikaweka klipu zilizofungwa kwenye ubao, maana wadogo zao wanakuja kuwachukua mchana na mtoto wa miaka miwili mitatu anaona pini anaona peremende.

Wazazi wamekuja

Mkutano wa wazazi. Kwa kawaida siku mbili kabla ya huu mkutano nakuwa na gundi kwenye nywele. Safari hii nimefagia tu.

Kila mzazi alienda kwenye mfuko wa mwanawe, mtoto mwenyewe akatoa karatasi zote akazitandaza mezani kuanzia ya nyuma kabisa. Baba mmoja alishika mbili, ya kwanza na ya mwisho, akawa anaangalia hii anaangalia ile, alafu akageuza akasoma zile sentensi za "kwa nini hii". Akaniuliza, "Mwalimu, hii ameandika mwenyewe?" Nikamwambia muulize. Mtoto akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama mmoja alisema darasa limepooza kidogo, mwaka jana kulikuwa na maputo. Ni kweli kulikuwa na maputo. Nilimpeleka ukuta wa maneno, binti yake akamwonyesha kadi zenye mwandiko wake.

Kufunga muhula

Kilichobaki ni kumwaga mifuko. Kila mtoto anafunga kazi zake kwa uzi anapeleka nyumbani, anaacha moja tu ya kuanzia muhula ujao. Jina halitoki, pini hazitoki, kitambaa hakitoki.

Ya muhula ujao nayaandika hapa nisisahau. Mstari wa namba nitaushusha, uko juu mno, wanaonyesha kwa rula na rula zinavunjika. K imeanza kujaa tena kwa sababu ya vi-ki- wote hawa, kijiko, kisu, kikapu, kiatu, nafikiria kuipa nguzo ya tatu ama niharakishe kustaafisha kadi. Na mwalimu wa darasa la jirani amekuja kuniuliza ile mifuko inalazwaje, tumepima ubao wake pamoja, ana watoto 41 na ubao mfupi, sentimita 180 kwa 120. Kwa A5 anapata saba kwa upana na sita kwenda chini, 42, na ile nafasi moja ya ziada tumekubaliana iwe yake mwenyewe, naye kila Ijumaa achague kazi yake moja ya wiki aiweke kama watoto.